Shavu la Kushoto

Jina lake sitalitaja. Liko kwenye msalaba wake kule Likuyani. Anayelitaka aende akalisome. Sisi hapa Kakamega tulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha, na hata baada ya yeye kuacha chaki na kufungua studio ya picha karibu na stendi. Mimi alinifundisha kweli. Alinifundisha darasa la sita, akanichapa vizuri, na nilipokuwa mtu mzima nikaja kuweka cherehani yangu kwenye baraza ya studio yake. Nilishona nguo pale miaka mingi huku namsikia akiwatukana wateja wake kwa sauti ya upole. Kwa hivyo nikisema namjua, namjua. Na uso wa mume wangu, ule wa mwisho, niliuacha mikononi mwake, basi nina haki ya kumsema.

Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hilo ndilo lililowaponza wengi. Mtu aliingia studio amevaa suti ya kuazima, moyo umemjaa, na Mwalimu anamkaribisha vizuri, anamvutia kiti, anamwekea kidevu sawa kwa vidole viwili. Halafu anarudi nyuma ya kamera na kusema taratibu, "Hiyo pua umeitoa kwa nani? Kwa baba ama ulianguka?" Wakati mteja anajiuliza acheke au akasirike, picha imeshapigwa. Ndiyo maana picha za Mwalimu zote zina watu wenye macho ya kushtuka. Ukiingia nyumba yoyote ya hapa mjini ukaona babu ukutani ametoa macho, ujue alipigwa na Mwalimu.

Darasani alikuwa hivyo hivyo. Mtoto akikosea hesabu alimwita mbele, akamwambia wenzake wamtazame vizuri, kisha akasema, "Ubao ni mweusi ili chaki ionekane. Na huyu yuko hapa ili nyinyi wengine muonekane." Mimi nilisimama mbele ya darasa hivyo zaidi ya siku moja. Na ukimwomba akuonyeshe ulipokosea, weee! Alikutazama tu mpaka ukaketi. Kwake jibu lilikuwa la mtu aliyelipata, na aliyekosa akae na makosa yake.

Kazi yake hasa haikuwa kupiga picha. Kupiga, alisema, hata mbuzi angeweza kama angekuwa na kidole. Kazi yake ilikuwa baadaye, kule ndani, kuamua ni sehemu gani ya uso ing'ae na ni sehemu gani iingie gizani. Zamani aliifanya kwa mikono katika chumba cha giza. Mashine ilimulika picha juu ya karatasi, na pale mwanga ulipokaa sana ndipo karatasi ilipokuwa nyeusi. Basi akitaka shavu ling'ae, alilikinga kwa kijiduara cha kadibodi alichokifunga kwenye spoki ya baiskeli. Akitaka mahali paingie giza, alikunja kiganja akaacha tundu dogo, mwanga ukapita hapo peke yake. Siku moja aliniita nione. Alikuwa akichezesha ile spoki juu ya uso wa mama mmoja, na bila kunitazama akasema, "Mungu aliumba kwa udongo. Mimi naumba kwa kuzuia." Nilimwambia anakufuru. Akaniambia nirudi kwenye cherehani yangu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mpwa wake alimletea kompyuta kutoka Nairobi, pamoja na skana na printa. Aliikataa kwa muda, ikawa inafunikwa kitambaa kama maiti. Halafu akafungua programu ya kurekebisha picha na kukuta ndani yake michoro midogo ya vifaa: cha kung'arisha kimechorwa kama kijiti chenye kichwa cha duara, na cha kutia giza kimechorwa kiganja kilichokunjwa. Alicheka mpaka nikainuka barazani na sindano mkononi. "Mama Nafula, njoo uone! Hawa wazungu walikuwa wakinichungulia dirishani!" Tangu siku hiyo hakubanduka pale. Kile kidude cha kusogezea mshale, ambacho yeye alikiita panya, alikishika siku nzima, na chai ikapoa kando yake.

Sasa, alimng'arisha nani na kumtia giza nani? Hapo ndipo ubaya wake ulipokaa. Msichana mmoja aliyeuza mitumba sokoni alikuja akisema amepata mchumba, anataka picha ya kupeleka kwa wakwe kule Matungu. Alikuwa anajipaka ile mikorogo ya kujichubua. Akasema, "Mwalimu, unitoe mweupe kabisa." Mwalimu akamwambia hakuna shida. Aliung'arisha ule uso hadi ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa, shingo na mikono akaiacha ilivyo, tena nadhani aliiongezea giza kidogo. Msichana alipoiona aliitazama mikono yake. "Si uliomba uso?" Mwalimu akamwuliza. "Mikono hukuitaja." Alikuja kulia kwenye baraza yangu nikampa kipande cha bitana ajifute. Arusi haikufanyika, na sijui kama ni kwa sababu ya picha, lakini yeye alijua.

Lakini ukitaka kumweka Mwalimu kwenye kapu moja utashindwa. Pale stendi kulikuwa na mama aliyerukwa na akili, analala kwenye magunia, watoto wanamrushia maganda ya miwa. Mwalimu alimpa chai na mkate kila asubuhi, na hakumtolea neno lolote la ukali. Akampiga picha. Akamfanyia kazi wiki nzima, akayaondoa mapango ya mashavu, akayatia macho mwanga, na kuiweka picha ile dirishani katikati ya maharusi na mahafali. Haki ya Mungu, yule mama alikuwa mzuri. Watu walipita wakauliza ni mke wa waziri gani. Ndugu zake wakasikia, wakaja mbio kutoka kijijini, wakasimama mbele ya kioo wakilia, wakaomba wapewe ile picha. Mwalimu akaitoa dirishani, akaipasua vipande vinne mbele yao, akawaambia, "Mwenyewe yuko pale kwenye magunia. Mchukueni yeye." Na walimchukua. Mimi mpaka leo sijui nimsifu kwa siku ile au nimlaani.

Mkewe naye, maskini. Dirishani pia kulikuwa na picha yao ya arusi, kubwa, yeye amesimama na suti, mkewe ameketi na shela. Filamu yake aliihifadhi, akawa anaichapisha upya kila walipokosana. Wakigombana, wiki hiyo mkewe anatoka mweusi pale dirishani, hadi unaona meno na shanga tu. Wakipatana, anang'aa tena. Sisi majirani tulisoma ndoa yao kwenye kioo. Wanawake wa sokoni walipita asubuhi na kuambiana, "Aka! Leo mama amezimwa tena." Mkewe alipita hapo kila siku kumletea chakula, obusuma, ugali wetu, na mboga kwenye bakuli lililofunikwa, na hakuwahi kugeuza shingo kuitazama. Nilimwuliza siku moja anavumilia vipi. Akasema, "Dada, siku yangu ya kushika taa itafika."

Kama ningeishia kuyaona hayo kwa wengine, ningekuwa leo nacheka. Lakini ng'ombe haelemewi na nundu ya mwenzake, na yangu ilikuwa njiani.

Mume wangu, Baba Nafula, alikuwa akipakia miwa kwenye matrela kule Shianda. Alikuwa mtu wa mzaha, mwepesi wa kucheka, lakini kamera hakuipenda. Kwenye arusi za watu, kamera ikiinuliwa yeye ameshainama kufunga kamba za viatu. Sisi wenyewe hatukufanya arusi, tulikaa tu kama wengi wanavyokaa. Nilimsihi mara nyingi tupigwe hata moja, si studio iko pale pale nyuma ya cherehani yangu? Alisema, "Utanitazama wakati nipo. Picha utaila?" Nami nikaacha, kwa sababu alikuwapo.

Halafu trela ikapinduka kwenye daraja la Nzoia, yeye akiwa juu ya miwa. Maji yalimchukua, na walipompata hakuwa wa kutazamwa. Jeneza lilipigiliwa misumari huko huko mochari. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa suruali, lakini plastiki yake ilikuwa imepasuka zamani, na mahali pa uso palibaki doa la kijivu. Nilikipangusa na kanga yangu mara nyingi kana kwamba doa lile lingetoka, na chini yake nimkute.

Kwetu mtu hazikwi bila picha. Picha ndiyo inayotangulia jeneza, inabebwa na mtoto wa marehemu, inawekwa juu ya sanduku katikati ya maua, na watu wanapita wakimwambia maneno ya mwisho. Sanduku lililofungwa bila picha ni aibu. Watu wanauliza mmemzika nani. Lakini mimi sikuwa naogopa watu. Nilikuwa naogopa kichwa changu. Usiku wa kwanza tu baada ya habari nilijaribu kumwona nikapata kofia yake, nikapata sauti yake, uso ukawa unakuja na kuondoka. Nilijua nisipouweka mahali fulani upesi utanipotea, na Nafula alikuwa mdogo, hata uso wa kupoteza hakuwa nao.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilipiga magoti pale studio, sioni haya kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta droo ya meza yake kidogo, akaifunga tena. Halafu akasema, "Yule ndugu yake, shemeji yako, si wanafanana? Mlete."

Walifanana kweli. Walizaliwa wakifuatana, na watu wasiowazoea waliwachanganya. Shemeji akaja amevaa koti, akaketi, akapigwa picha na ile hofu ya kawaida machoni, maana Mwalimu alimwuliza kama na yeye anajua kuogelea. Kesho yake picha ikaingizwa kwenye kompyuta. Mwalimu akaniketisha kando yake, magoti yangu yakigusa ile droo, shemeji akasubiri barazani.

"Anza," aliniambia. "Wewe ndiwe uliyekuwa ukilala naye. Sema, mimi nafuata."

"Paji lake la uso lilikuwa linang'aa zaidi ya hilo."

Akachukua kile kijiti cha duara, akapitisha juu ya paji, likapanda polepole kama kunakucha. "Hapo?"

"Bado. Hapo. Chini ya macho weka giza, alikuwa halali vizuri."

"Kwa sababu ya nani?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Sawa, sawa. Endelea."

"Kidevu kikazwe. Shemeji ana kidevu laini. Huyu alikuwa nacho... tia kivuli hapa pembeni. Na shavu la kushoto lilikuwa limebonyea kidogo. Aling'olewa jino la nyuma."

Mkono wake ukasimama juu ya panya. "La kushoto?"

"La kushoto."

Akageuka kunitazama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiwa kazini. "Una hakika? Huu ni mtihani, Mama Nafula."

"Shavu hilo nililishika kwa mkono wangu huu miaka yote. Nitalisahau vipi?"

"Haya," akasema. Akachagua kile kiganja kilichokunjwa, akaanza kulitia giza shavu la kushoto la shemeji.

Na alitoka, jamani. Sitamwibia Mwalimu haki yake. Tulikuwa tumefika kwenye mdomo, nikamwambia aongeze mwanga kidogo sana kwenye pembe ya chini, na mara moja yule wa kwenye kioo akaacha kuwa shemeji. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuuliza chakula kiko wapi. Nikashika meza. Nikasema, "Ndiye. Usiguse tena. Ndiye."

Stima ikapotea.

Kioo kikawa cheusi, na pale kwenye weusi nikaona uso wangu mwenyewe. Nilisubiri. Nilidhani ikirudi stima na yeye atarudi. Mwalimu alikuwa bado hajazoea kuhifadhi kazi yake, hakuna alichokuwa amekiweka. Akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Pole sana. Amekufa mara ya pili." Na akacheka, si kwa nguvu, puani tu. Nilitaka kumchoma mkasi. Mkasi ulikuwa barazani.

Stima iliporudi tulianza upya kutoka kwa shemeji. Nilisema maneno yale yale: paji, macho, kidevu, shavu la kushoto. Lakini hakutoka yule wa kwanza. Alitoka mwingine wa karibu, binamu yake labda, mtu aliyetulia, mzito, asiyejua mzaha. Nilimsukuma Mwalimu apandishe hapa, ashushe pale, hadi nikawa sijui tena ninachokitaka. Shemeji alikuwa akigonga mlango kwamba anataka kurudi Shianda. Maziko yalikuwa kesho kutwa. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Nikasema inatosha.

Kwenye maziko hakuna aliyeuliza kitu. Nafula aliibeba mbele ya jeneza, ile fremu ikimfika kidevuni. Watu wakapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Mama mkwe alikuja akiwa ameshikwa huku na huku, akaanguka juu ya ile picha, "Omwana wanje!" Halafu akainua kichwa. Akaweka kidole kwenye kioo, pale kwenye shavu, akapangusa kama mtu anayeondoa vumbi. Akapangusa tena. Mtu akamwinua, akaendelea kulia na wengine. Nililiona lile, nikadhani ni machozi yaliyodondokea kioo.

Nikaitundika sebuleni juu ya kiti chake. Matanga yalipokwisha, wazee wakaja na shemeji kuzungumza habari za kunirithi. Nilikuwa nimepika ingokho, kuku wa kienyeji, kwa heshima ya wazee si ya shemeji. Yeye bila kukaribishwa akaketi kwenye kile kiti, chini kabisa ya ile picha, akachukua kipapatio. Akaniambia akitafuna, "Mulamwa, shemeji yangu, kwani unasumbuka nini? Mimi niko ukutani tayari. Kilichobaki ni kuketi." Wazee wakacheka. Na Nafula aliyekuwa mlangoni akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu, akauliza, "Baba amerudi?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilimnyang'anya shemeji kile kipapatio mkononi. Nikawaambia wazee huyu aliazimisha uso wake siku moja, hakununua nyumba. Nikasema nitakayekaa naye nitamchagua mwenyewe, na kama sitachagua, hiyo pia ni shauri yangu. Waliondoka wakisema nimekuwa jeuri wa mjini. Shemeji akaacha kunisalimia, nami nikashukuru, ila kila nilipoingia sebuleni alikuwa pale ukutani akinitazama, nusu yeye na nusu mume wangu.

Nilienda kumlalamikia Mwalimu. "Umeniwekea shemeji ukutani." Hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Wewe ndiwe uliyesema, mimi nilishika panya tu. Kama hakutoka sawa, jiulize ulimtazama lini kwa mara ya mwisho akiwa hai." Niliondoa cherehani yangu kwenye ile baraza jioni hiyo hiyo, nikahamia karibu na posta.

Lakini picha sikuitoa. Ningetoa ipi nibaki na nini? Ilikuwa ndiyo hiyo moja. Miaka ikapita, nikaizoea. Nikawa naisalimia asubuhi nikifagia. Nikagombana nayo, nikaililia, nikaiambia Nafula amefaulu mtihani. Ule uzito wa uso wake nikaanza kuukumbuka kana kwamba aliishi nao. Nafula aliolewa, na siku ya kuaga alisimama mbele yake akasema, "Baba, naenda," na mimi nikafuta shavu la kushoto kwa pembe ya leso, kwa mazoea.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuhama mjini zamani, simu za mkononi zilipoanza kupiga picha na watu wakaacha kuja. Alirudi kwenye shamba lake la mahindi huko Likuyani. Siku moja mkewe akanitumia ujumbe: "Mzee anakuulizianga sana. Njoo kabla mvua haijaanza." Sikutaka. Halafu nikaona mgonjwa ni mgonjwa, na mwalimu wako ni mwalimu wako hata akiwa shetani. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda.

Nilimkuta nje, kwenye kiti cha kamba, mahindi yameanikwa uwanja mzima mbele yake na kuku wakifukuzwa. Alikuwa amekwisha, mifupa na koti. Macho tu ndiyo yaliyobaki yale yale. Alinitazama kutoka langoni hadi nilipomfikia, na nilipompa mkono akasema, "Umezeeka upande mmoja, Mama Nafula. Ule unaolalia."

"Hujambo na wewe, Mwalimu."

Mkewe alinikaribisha ndani niweke mizigo, na pale ukutani nikaiona picha yao ya arusi. Safari hii mkewe alikuwa anang'aa, shela na mashavu yote, na bwana arusi aliyesimama kando yake alikuwa giza tupu, unaona kola na meno. Nikamtazama mkewe. Akanong'ona, "Yule mpwa wake alinifanyia," akaenda jikoni kuchemsha chai.

Niliporudi nje Mwalimu alikuwa na bahasha ya kaki mapajani. Akanipa. Ndani kulikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, ya ukubwa wa kadi, ya kazi yake ya zamani ya mkono. Kijana alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha studio. Alikuwa anacheka mdomo wazi, macho yamefinyika, shavu lake la kulia limebonyea. Kwa mara ya kwanza nikaona picha ya Mwalimu ambayo mtu hakushtuka.

"Kijana mzuri," nikasema. "Ni nani huyu?"

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka hadi kikohozi kikamkamata, akawa anapiga goti lake kwa kiganja, na mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani anakata roho.

"Ni nani huyu," akarudia alipopata pumzi. "Mke wake anauliza ni nani huyu."

Sikumwelewa. Au nilimwelewa mwili ukakataa.

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Wiki ile ile aliyokufa. Wewe ulikuwa umekwenda kununua uzi. Akasema nisikuambie, ni ya Krismasi, unamsumbua na picha kila siku. Angekuja kuichukua Jumamosi. Jumamosi mkawa mnamlilia."

"Ulikuwa nayo? Siku ile nilipopiga magoti?"

"Kwenye droo. Hata uliigusa kwa magoti."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza kwa nini, ndogo, kama ya darasa la sita.

"Alikuwa anacheka. Mtu hawekwi juu ya jeneza akicheka." Akafikiri kidogo, kwa sababu Mwalimu hakuwa mwongo. "Na nilikuwa nimepata ile mashine. Nilitaka kuona kama mtu anaweza kutengenezwa kwa maneno ya mkewe. Ulikuwa unaenda vizuri sana, Mama Nafula. Halafu ukaharibu kwenye shavu. Ulikuwa ukilala mmetazamana, kulia kwake ikawa kushoto kwako. Nilikuuliza, si nilikuuliza? Nilikuuliza mara mbili."

"Ungeniambia!"

"Mwalimu hampi mtoto jibu katikati ya mtihani," akasema. "Leo nimekupa. Na bado umeanguka."

Mkewe alimwambia jina moja baya kwa Kiluhya, pale pale mbele yangu, na kurudi ndani. Mimi nilimwambia Mungu amzime. Nilimwambia wazi, na sijawahi kuliondoa neno hilo hata alipokufa mahindi yale yale yakiwa bado hayajatiwa gunia. Siku ile alikuwa ananitazama uso, sehemu kwa sehemu, kama mtu aliye kazini.

Nikageuka na picha yangu nikasimama kando ya mahindi, nimempa mgongo. Nilijua sasa ni nani, nimeambiwa. Nikamtazama. Nikamtazama yule anayecheka nikimsubiri anijie, na kila nilipofumba macho akaja yule mwingine, yule mzito wa ukutani, mwenye shavu la kushoto. Nikafumbua, nikakutana na kijana wa watu. Nilimsogeza kwenye jua, nikamrudisha kivulini. Mdomo ule sikuujua. Meno yale sikuyajua.

Nikaweka kidole gumba juu ya uso wote nikaufunika. Ikabaki shati. Kola ilikuwa imegeuzwa upande wa ndani kwa sababu ilichakaa, na kifungo cha pili kutoka juu hakikulingana na vingine, maana nilipolishona vya kufanana vilikuwa vimeniishia na yeye hakutaka kungoja. Shati nililijua papo hapo. Nikakaa chini kwenye uwanja wa mwalimu wangu, kuku wakala mahindi bila wa kuwafukuza, nikamlilia mume wangu kwa kulitazama shati.